Bangi ya Daktari na Vidonge Ulivyoacha

Mdogo wangu Odette,

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba dawa iliyomfaa ndugu itamfaa na ndugu yake, kwa kuwa damu ni moja. Nimelitanguliza kabla ya salamu, unisamehe. Sasa nakuuliza: umeamkaje? Kichwa je? Umeanguka tena? Mimi nipo huku ng'ambo, Saint-Josse, ngazi ni zile zile za ghorofa tatu, na miguu inanichosha kuliko mwaka jana.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nne. "Yaya, kaka yangu, banasema weye unatumia bangi ya docteur. Bon, na miye nimeacha vile vidonge vya kifafa. Mwanangu Solange ananichemshia majani ya bangi, ninakunywa." Ulisema ukicheka. Mimi sikucheka, maana namjua aliyeyaanzisha maneno hayo hadi yakafika huko kwenu Likasi. Ni mimi.

Tulikuwa kwenye matanga huku kwetu. Unajua tulivyo: wazee wakikaa, kila mmoja hutoa dawa yake mfukoni na kuisifu. Nikatoa kichupa changu cha dawa ya bangi niliyoandikiwa na daktari. Jirani yangu, Maman Georgine, akasema, "Tiens, njo maana unachekaka mu misa." Nikamwambia sivuti, napuliza kinywani. "Alors, utupulizie na siye, papa." Watu wakacheka. Nikaona raha kuwachekesha, nikasema miguu imepona. Haijapona. Misuli imelegea kidogo, basi.

Sasa nikujibu uliyoniuliza. Inalevya? Inaweza. Wiki ya kwanza nilipata kizunguzungu, nikatembea nimeshika ukuta. Daktari akapunguza kipimo na kunikataza kuendesha gari. Nikutumie kichupa kimoja? Siwezi. Kimeandikwa kwa jina langu, na sheria inakidhibiti; hata kuvuka nacho mpaka nahitaji karatasi rasmi. Ni sawa na majani ya Solange? Hapana. Katika kichupa kila mpulizo una kipimo kinachojulikana. Kilichomo ndani ya sufuria hakuna anayekijua. Na lililo kubwa: mimi sikuacha vidonge vyangu hata kimoja. Daktari aliiongeza dawa hii juu ya zile za zamani. Hilo sikulisema kwenye matanga, kwa sababu halichekeshi.

Ugonjwa wangu unakaza misuli. Wako unakuangusha, na kila siku unainama juu ya mbabula, jiko lenye makaa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa hurudi na nguvu mpya. Nimekuwa mzee wa kupumzika kila baada ya ngazi sita, Odette; sina miguu ya kuja kukuzika.

Msalimie shemeji yangu, mume wako, na shangazi yetu aliyebaki. Mwanao Solange mwambie simlaumu, alimtii mama yake; ila hiyo sufuria aimwage. Maman Georgine nitamweleza mwenyewe Jumapili, mbele ya wale wale waliocheka.

Ni mimi kaka yako Anselme, niliyesema nusu ya habari. Usivirudie vidonge kwa kubahatisha. Leo, kabla hujawasha moto, mwambie Solange akupeleke kituo cha afya, na mkononi ushike pakiti ya vidonge ulivyoacha.