Mama Lenzi, Ulifunga Swichi

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu asubuhi ile ulipotoka na mkoba wako wa spana, ukatugeukia kutoka getini ukasema, "Nguo zikikauka mzianue, mvua inakuja." Mvua ilikuja kweli. Wewe hukurudi.

Karakanani walikuita Mama Lenzi, na jina likakufuata hadi nyumbani. Hakuna mgeni aliyeingia kwetu na miwani michafu akatoka nayo hivyo hivyo. Ulikuwa ukimvua mtu miwani huku mnazungumza, unaipulizia pumzi, unaifuta kwa pamba, unamrudishia usoni bila kukatiza maneno. Mama yako mzazi siku hizi analalamika kwamba haoni vizuri. Tumempeleka kwa daktari wa macho. Daktari anasema macho ni yale yale.

Mumeo, fundi cherehani, alizoea kuwaambia wateja wake, "Kwangu mwanamume anakata vitambaa, mwanamke anakata chuma, tena kwa mwanga." Ulicheka, kisha ukamrekebisha: "Anayekata ni Bikizee. Mimi namwuguza tu."

Bikizee ndiyo ile mashine ya leza, inayokata bati kwa mwanga mkali, kuukuu kuliko wafanyakazi wengi pale. Ulipokabidhiwa ilikuwa imeshachoka: maji ya kuipoza yanavuja, vioo vinavyoongoza mwanga vinahama mahali pake kila ikitikisika, feni ya moshi inakoroma kama mtu mwenye mafua. Wengine ikiwagomea waliipiga ngumi. Wewe uliinama kwanza kutazama ukingo wa bati lililokatwa. Ukiona makapi ya chuma kilichoyeyuka yameganda chini ya ukingo, ulijua ama lenzi imechafuka, ama mwanga haupiti katikati ya pua ya mashine. Ulibandika kipande cha karatasi puani, ukaruhusu mwanga mmoja mfupi, ukaangalia tundu limetobokea wapi. Hapo ndipo ulipogusa skrubu, kidogo kidogo, umebana pumzi. Ulisema, "Ukianza kwa kufungua kila kitu, utaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza."

Jambo moja hukulifanyia mzaha. Kabla ya kuingiza mkono kwenye kabati la umeme, ulishusha swichi kuu, ukaitia kufuli lako jekundu, ufunguo ukauweka mfukoni mwa aproni. Kufuli likiwa pale, kila mtu karakanani alijua maana yake: kuna mtu ndani.

Vipuri uliomba hadi ukachoka. Jibu lilikuwa lile lile, vumilia, tutaona. Siku moja mezani mumeo alikuambia, "Mwache afe basi huyo Bikizee."

"Akifa," ukamjibu, "wenzangu wote wa karakana wanarudi kwao mikono mitupu. Na mimi mmojawapo."

Siku ile mashine ilipoteza nguvu katikati ya kazi, na lori la mteja liko nje linangoja. Ulifanya kama ulivyofanya siku zote, ukaingia nyuma yake. Haya tunayajua sasa. Hatukuyajua wakati bosi alipokuja kutupa pole, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akasema, "Alikuwa fundi hodari. Ila siku ile alisahau kufunga swichi. Binadamu ndivyo tulivyo."

Mama yako alinyanyua kichwa. "Nani kasahau? Huyu aliyekuwa akiturudisha njiani kuhakikisha jiko limezimwa?"

Bosi akatazama saa yake.

Hospitali ilimkabidhi mumeo mfuko wa vitu vyako, na ndani ya aproni ulikuwamo ule ufunguo. Akaupeleka karakanani, akamwuliza msimamizi, "Kufuli lake liko wapi?" Msimamizi akasema hana habari za kufuli. Akawauliza mafundi wengine, mmoja mmoja. Wote wakainamia kazi zao. Alirudi nyumbani, akashona mkono wa shati upande usio wake, akaufumua, akaushona tena vile vile.

Majuma yakapita. Alasiri moja mchomeleaji, yule uliyekuwa ukigawana naye chai, akaja dukani kwa mumeo na suruali mkononi.

"Shemeji, nipunguzie urefu."

Mumeo akampima. "Mbona haina kosa? Inakutosha sawasawa."

Mchomeleaji hakuichukua. Aliangalia mlangoni kama kuna anayesikia. Kisha akasema, "Alifunga. Nililiona kufuli kwa macho yangu. Msimamizi aliita mara moja kuuliza kama umetoka, kompresa ya upepo inanguruma, jibu halikusikika. Akachukua mkasi wa kukatia vyuma akalikata, akapandisha swichi. Nilipiga kelele, shemeji. Nilichelewa."

"Na siku zote hizi umekaa kimya?"

"Nina watoto."

Mumeo akamvutia kigoda, akamkalisha. Hakumtukana. Alimwambia tu, "Hata yeye alikuwa nao."

Mchomeleaji alikwenda kwa wakaguzi wa kazi akayasema yote mbele ya bosi na msimamizi. Tunamshukuru hapa hadharani, kwa sababu kule hakuna aliyemshukuru: haukupita muda akaambiwa kazi zimepungua, abaki kwao. Sasa anachomelea madirisha uani kwake.

Wakaguzi walifuta katika taarifa ya ajali maneno "alisahau kufunga." Mahali pake wakaandika kwamba mawasiliano kati ya wafanyakazi yalikuwa hafifu. Mama yako aliomba asomewe tena sentensi hiyo. "Kwa hiyo mwanangu kauawa na mawasiliano?" akauliza.

Msimamizi hakushtakiwa. Alihamishiwa stoo. Mumeo alikutana naye sokoni, kila mmoja na kapu lake, na yule bwana akamshika mkono. "Shemeji, nisamehe. Nilidhani ameshatoka."

"Kufuli lilikuwa linakuambia hajatoka," mumeo akasema, akautoa mkono wake, akapita.

Hajamsamehe. Tunaandika hivyo kwa sababu matangazo mengi ya kumbukumbu kama hili husema familia imeshasamehe, nasi hatutaki kukudanganya. Tumejaribu. Haijawezekana.

Na Bikizee? Walimkatakata wakamuuza kama chuma chakavu. Pale alipokuwa amesimama wameleta mashine mpya, kimya kama friji, ina mlango ambao ukifunguliwa tu kila kitu kinazimika. Haikuchukua muda mrefu kuinunua. Kumbe iliwezekana.

Juzi bosi alimtuma mtu kuuliza kama nembo ya kampuni inaweza kuwekwa juu ya tangazo hili, karibu na picha yako. Mumeo alimsikiliza mjumbe hadi mwisho, akang'ata uzi, akasema, "Mwambie hapana nafasi."

Binti yako mdogo amejifunza kucheka tena, kile kicheko chako cha puani, na kila akicheka sisi tunageukia mlango. Mkubwa anasema anataka kusomea umeme. Baba yake hajamwambia ndiyo wala hapana. Lakini jana binti alipomwuliza tena, baba hakutoka chumbani kama alivyozoea. Alisimamisha cherehani akasema, "Kaa hapa. Nieleze watakufundisha nini." Binti akaeleza mpaka chakula kikapoa, na baba yake akawa anauliza, anauliza, uso umekunjamana kama mtu anayemeza dawa.

Unakumbukwa na mumeo. Mama yako mzazi. Binti zako wawili. Kaka yako dereva na wifi yako. Na mchomeleaji, ambaye kwetu sasa ni ndugu.

Wewe pumzika. Sisi hatujapumzika, na kukusahau hatutakusahau.