Mama, Wamekuchora Unacheka

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo huko uliko. Nimekasirika, na leo nakwambia mbele ya watu, maana wewe mwenyewe umeshawekwa ukutani mbele ya watu.

Wamekuja wasanii kutoka Mwenge, vijana watatu na makopo yao ya rangi. Wanapita kituo kwa kituo kwenye njia ya treni, kuanzia kwetu Yombo hadi Kurasini. Wanauliza abiria wanawakumbuka kina nani, kisha wanawachora kwenye kuta za vituo. Kwangu hawakubisha hodi. Waliuliza ndani ya treni, na wanawake wa behewa la tatu, uliokuwa ukisafiri nao kwenda kazini, wakakutaja wewe. Miaka miwili tangu tukuzike, na wao ndio walioulizwa.

Jumamosi nimetoka sokoni nikakuta uso wako pale kituoni, mkubwa kuliko mlango. Unacheka, mama. Mdomo wazi, macho umeyafumba, na juu pembeni kuna pengo. Nikaweka mfuko wa nyanya chini, nikamwendea dada mmoja kati ya wale wachoraji, Neema.

"Umekosea," nikamwambia. "Huyu ni mama yangu, na mama yangu hakuwa na pengo."

Nikamtolea picha yako ya kitambulisho, ile ambayo umenuna kana kwamba mpiga picha amekudhulumu. Huyo ndiye ninayemjua mimi. Unazikumbuka jioni zetu? Ulikuwa unarudi kutoka kantini unanuka vitunguu, unavua viatu mlangoni, unajinyoosha kwenye mkeka. Mimi nakuletea maji na habari zangu zote za shule, nawe umefumba macho unasema, "Niache kwanza nipumzike, mwanangu." Hiyo "kwanza" haikuwahi kuisha. Nilikukanda miguu, nikajua kila sugu ilipo. Nikawa najisifu kwamba hakuna mtu anayekujua kuliko mimi.

Neema akaitazama picha, akanitazama mimi, akachovya brashi ili azibe pengo. Hapo hapo treni ikaingia, akashuka Bi Mwajuma, yule jirani yako wa kiti kimoja miaka yote ile. Alipoona brashi akapiga kelele.

"We binti, unafanya nini? Acha hilo pengo! Mama'ko aling'oa jino hujaanza hata shule. Akichekaga tu ndo linaonekana."

Nikaugeukia ukuta, mama. Tuliishi chumba kimoja tangu nizaliwe, na sikuwahi kukuona ukicheka kiasi hicho. Bi Mwajuma kaliona pengo hilo kila asubuhi. Nilimchukia, sikufichi. Nilitamani treni imrudishe ilikomtoa. Kumbe kicheko chote ulikuwa unakimalizia njiani, sisi wa nyumbani unatuletea uchovu.

Nikamuuliza kwa sauti mbaya, "Mlikuwa mnacheka nini hasa?"

"Si ni wewe!" akasema. "Alikuwa anatuigizia vituko vyako. Mara umemfokea jogoo anyamaze, eti mama kalala. Mara umejipaka unga wa muhogo usoni uwe bibi harusi. Sie hatukai vizuri mpaka tusikie jana ulifanya nini. Behewa zima hoi!"

Habari ya unga nilikwishaisahau kabisa. Kwa hiyo ulikuwa unasikia. Umelala pale mkekani macho umefumba, unasikia kila neno, halafu unawabebea wao asubuhi.

Nikamwambia Neema aliache pengo. Akanikumbatia mikono ikiwa na rangi, akaniharibia blauzi. Wote pale walidhani nimefurahi, na kweli nilifurahi kidogo. Lakini usidhani yameisha. Kwa Bi Mwajuma moyo umepoa, Jumapili nilimpelekea hata maandazi. Wivu umehamia kwa huyo mtoto wa kwenye hadithi zako, aliyekuwa akikuchekesha mpaka pengo likaonekana. Nimekaa naye mwili mmoja maisha yangu yote, mama, na kwako ndiye aliyebahatika kuliko mimi.

Pumzika sasa, sitakuita tena jioni hii.

Mwanao wa pekee,
Yombo