Malkia Asiyefika Kwake

Bunia, Nyakasanza, Juni 1979

Yaya Scholastique, dada yangu mkubwa,

Samaki uliowatuma kutoka huko Tchomia wamefika salama. Hapa mvua bado inanyesha.

Umeniuliza kwa nini hadithi ya malkia, ninayomtungia bibi yetu, tate Berthe, na wewe unamsomea, imepotea njia: kila sehemu ufalme mpya, majoka mapya, vita vya watu tusiowajua. Wamama wanaokausha samaki nawe wanacheka, "Malkia ya mudogo yako iko natembea tu, haichokake?" Wana haki.

Yaya, mwisho wake naujua tangu zamani. Lakini tate alipoanza kuugua aliniambia, "Sitakufa mbele malkia afike kwake; afike kwanza." Tangu hapo, kila malkia alipokaribia nyumbani, nilimwekea mto mwingine wa kuvuka.

Sasa unaandika kwamba maumivu hayamruhusu kulala, na bado anauliza, "Amefika?" Nilidhani namshikilia kwa upendo, kumbe namtesa.

Katika bahasha hii kuna kurasa mbili tu. Malkia anafika. Umsomee polepole, ukimshika mkono. Mimi nisingeweza.

Mdogo wako anayewawaza,
Camille