Kemilembe Hasemi Mpaka Aruhusiwe

Kwa Katekista,
karibu na Rubya, Ihangiro,
Bukoba.
Alhamisi, 9 Desemba 1954

Mpendwa ndugu yangu Karugendo,

Tumsifu Yesu Kristu! Hujambo wewe, na mke wako Benigna, na wale mapacha wenu? Kile kikohozi ulichokipata kwenye maghala ya bandarini kimekuachia, au bado unawaamsha majirani? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili, kwa maana moyo wangu tangu Jumapili haukai mahali pake. Ukiona herufi zinapanda na kushuka usimlaumu mwalimu wangu. Mwalimu wangu ni mwanangu Kemilembe, na yeye anaandika vizuri. Ni mkono wangu tu usiozoea kalamu.

Senene walianguka wengi mwaka huu. Nimekukaangia na kukufungia katika jani la mgomba. Hatukuonja hata mmoja, maana wanawake wa nyumba hii bado wanafuata mila ya kuwaachia wanaume, hata kama wewe huko mjini unamlisha Benigna senene mezani. Tumesikia! Huku habari hazihitaji stempu.

Mvua ni nzuri na migomba imezaa. Kaburi la marehemu mume wangu nimelipalilia, na lile ua ulilopanda kichwani pake limeshika. Watu wanasema Mrundi hakupata kitu katika nchi hii. Mimi nasema alipata mke, mtoto na kivuli cha mgomba cha kulala. Wapo Wahaya waliokosa hata hivyo.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, kwa kuwa nimelizunguka kama mtu anayeogopa kuingia kwenye maji ya baridi.

Jumapili baada ya Misa, katekista alisoma majina ya wasichana waliochaguliwa kuingia shule ya kati ya bweni, ile ya masista huko kwenu ng'ambo ya mji. Kutoka shule yetu amechaguliwa mmoja tu. Ni Kemilembe.

Ungekuwapo ungepiga vigelegele mwanaume mzima. Mimi sikupiga. Nilitazama benchi la mbele alipokaa Mzee Ishengoma na binti yake Alistidia, ambaye hakuchaguliwa. Hakuna aliyenipongeza. Watu walitoka kanisani wakipita mbali nami, kama vile nimefiwa na hawajui waseme nini.

Wewe ulihama zamani, labda umesahau tunavyoishi. Kibanja hiki kimo ndani ya nyarubanja, ile ardhi kubwa ya Mzee Ishengoma. Yeye ni Mhinda, wa damu ya watawala, na sisi ni watwarwa wake. Tunalima, tunampelekea mikungu na pombe, na akisema tutoke tunatoka. Mwalimu Anatory mwenyewe analala kwenye nyumba iliyo ndani ya nyarubanja hiyo hiyo. Ndiyo sababu kila mwisho wa muhula, Kemilembe anapokuwa wa kwanza, mwalimu hulisoma jina lake kwa sauti ya chini kana kwamba anatangaza msiba, kisha husoma la Alistidia kwa sauti ya tarumbeta, hata kama ni la mwisho.

Na huo ukwanza mtoto ameupata kwa shida. Alistidia huamka, hula, huenda shule. Wangu kwanza hupeleka maji kwa Mzee, hufagia ua wa Mzee, ndipo akimbie darasani na kupigwa kiboko kwa kuchelewa. Wavulana humwambia msichana anasoma ili awaandikie barua wanaume. Wakichoka na hilo humwita mtoto wa Mrundi, arudi kwao. Kwao wapi, Karugendo? Alizaliwa hapa, kwenye nyasi za nyumba hii, na wewe ndiye uliyemkimbilia mkunga.

Usidhani namchukia Alistidia. Ni mtoto mwema. Na sasa nikusimulie lililotokea siku ya maswali ya mdomo, maana huku linasimuliwa vingine.

Masista waliwaita wasichana wawili wawili, shule kwa shule. Wetu wakaingia pamoja. Aliyewauliza ni sista mgeni, hajakaa sana nchini. Aliwapa viti. Alistidia akakaa kwenye kiti, Kemilembe akapiga magoti sakafuni. Sista akamwinua akamkalisha. Mtoto akateremka tena. Angekaaje kiti sawa na binti wa Mzee? Mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi nilifundishwa na mama yetu: mtoto wa mtwarwa hakai juu, na hasemi kabla ya mtoto wa mwenye ardhi.

Sista akauliza, akasema anayejua ajibu. Alistidia hakujua. Kemilembe alijua, akangoja. Swali la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Hesabu, mito, habari za Biblia, yote kimya. Mmoja hana la kusema, mwingine analo lakini si zamu yake. Sista akafunga kitabu akawaonyesha mlango.

Hapo ndipo Alistidia alipomgeukia mwenzake na kumwambia kwa Kihaya: “Kemi, gamba.” Sema. Tena akasema, “Gamba, mimi nimekuruhusu.”

Basi mtoto alijibu yote tangu la kwanza, kwa mpangilio, akiwa bado amepiga magoti. Sista akafungua kitabu tena.

Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mke wa Mzee anasema kisimani kwamba mimi nilipika dawa ya Kirundi nikaufunga ulimi wa binti yake, na maneno yake yakahamia kinywani mwa mwanangu. Wanawake wanaitikia. Jana nilipofika na mtungi waliondoka wote. Unakumbuka mama mmoja wa kilima cha pili, aliyesemwa maneno ya namna hii tulipokuwa wadogo. Unakumbuka nyumba yake ilivyokwisha. Mimi nakumbuka harufu ya nyasi zilizoungua.

Ninaogopa, ndugu yangu. Nalisema wazi kwa kuwa kwako sina haya. Nikisikia jani kavu limevunjika nje nasimama. Na leo asubuhi mtumishi wa Mzee amekuja kuniambia kesho niende kwake. Hakusema kwa nini. Alikataa hata kahawa ya kutafuna, na tangu lini mtu akakataa kahawa nyumbani kwangu?

Naacha hapa. Nikirudi nitamalizia. Nisiporudi salama, jirani yangu Clotilda atakuletea karatasi hii ilivyo.

Ijumaa, mchana

Nimerudi. Hakunipiga. Wala hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

Nilimpelekea Mzee kibuyu cha pombe ya orubisi, nikapiga magoti mlangoni. Aliniacha pale mpaka magoti yakafa ganzi. Kisha akasema, “Adventina, migomba yako imestawi sana mwaka huu.” Nikashukuru. Akasema tena, “Nimeitazama. Mahali pazuri pale. Mtu yeyote angepapenda.” Ni mara ya kwanza maishani mwangu kusikia mtu akisifu migomba na mimi nikataka kulia.

Halafu akaniuliza ukoo wa mtoto. Anajua kwamba mtoto ni wa ukoo wa babaye, na babaye alikuja peke yake na jembe lake. Akasema, “Mtoto asiye na ukoo ni wa mwenye ardhi. Basi mimi ndimi baba yake. Na baba mwenye mabinti wawili humpa nafasi yule mkubwa.”

Akaniagiza Jumapili hii baada ya Misa niende kwa Padre, mbele yake yeye Mzee, niseme Kemilembe hatasoma, nafasi apewe Alistidia. Kemilembe ataendelea kuchota maji ya ua wake. Tena hatachota siku nyingi, kwa kuwa Mzee ameshamwona mume. Ni yule msimamizi wa mitumbwi yake kisiwani Bumbire, mgane mwenye mvi, anayetaka msichana wa kumkaushia samaki. Akasema ni bahati kubwa kwa mtoto wa Mrundi. Mwanangu bado anacheza kamba!

Unajua nilijibu nini? Nilisema, “Ndiyo, waitu.” Ndiyo, bwana wangu. Ulimi ulisema wenyewe. Nimezoea kuitikia, nimeitikia tangu sijaota meno.

Nilipokuwa natoka, Alistidia alinifuata hadi kwenye migomba, akajifanya anakata majani. Hakunitazama. Alisema, “Mama Kemi, mpeleke kabla ya Jumapili. Mimi siitaki nafasi yake. Nikiingia kule wataniuliza tena, na nani atanijibia?” Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka na machozi yakinitoka. Kisha akaniambia kwamba baba yake anamtaka asome ili amwoze kwa karani mkubwa wa mjini, anayetaka mke aliyesoma. Naye yuko njia ile ile, ila yeye atapelekwa kwa gari. Akaniomba nisimtaje. Uso wake ulikuwa na hofu kama wangu. Sikujua kwamba hata ndani ya ua ule watu wanaogopa.

Sasa sikiliza ninalofanya, na usinikemee, kwa maana nimeshaamua na nikikemewa nitarudi nyuma.

Barua hii hailetwi na posta. Anayekukabidhi ni Kemilembe mwenyewe. Kesho Jumamosi anaondoka na Clotilda, jirani yetu anayepeleka mikeka mjini. Watapanda lori la ndizi hadi Kemondo, na kutoka hapo watafuata barabara hadi kwako. Nimemvika nguo ya kulimia na kumtwika mikeka, ili wanaomwona wadhani anamsaidia tu na atarudi jioni. Nguo yake ya shule imo ndani ya mkeka wa katikati. Uikunjue taratibu.

Mkae naye mpaka shule ifunguliwe Januari. Siku hiyo usimtume na Benigna, wala na mtoto wa jirani. Nenda mwenyewe, uvae lile koti lako la Jumapili. Sista atauliza mzazi wa kiume ni nani. Najua kwa mila yetu mjomba hana neno juu ya mtoto wa dada yake. Sema ni wewe. Usisite, na usieleze habari ndefu za ukoo. Ukimweleza sana mtu wa karatasi, ataanza kufikiri.

Mimi sitoki. Najua utasema nije pia. Nikitoka watasema uchawi umekimbia, na kibanja kitakuwa na mtu mpya kabla moto wa jikoni haujapoa. Nikibaki, labda Mzee atakumbuka kwamba hakuna anayempikia orubisi nzuri kama yangu. Labda. Na kuna mtu amelala hapa chini ya migomba asiye na ndugu mwingine wa kumpalilia. Jumapili nitakwenda kwa Padre kama nilivyoagizwa, nami nitasema mbele ya Mzee kwamba mtoto yuko kwa mjomba wake na atasoma. Nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo tangu nirudi. Mara nyingine inatoka yote, mara nyingine inaishia kwenye “waitu”.

Nakuomba jambo moja, nalo ni kubwa kuliko kitanda na chakula. Kemilembe hatazungumza nyumbani kwako. Atapiga magoti mlangoni, atangoja wanao waseme, atangoja wale, atangoja wacheke kwanza. Akiwa na njaa hatasema. Akiumwa hatasema. Hata darasani, kukiwa na binti wa mkubwa yeyote, atangoja, na safari hii Alistidia hatakuwapo. Nilimfundisha kunyamaza ili aishi, akajifunza vizuri kama anavyojifunza kila kitu. Sijui namna ya kulifuta somo hilo. Basi wewe kila asubuhi, kabla hajatwaa ufagio, mwambie, “Kemi, gamba.” Hata kama hana la kusema. Umwambie mpaka siku atakayokujibu kwa hasira kwamba amechoka kuambiwa. Siku hiyo uniandikie.

Msalimie sana Benigna, mwambie nimemletea mkeka mmoja, ule wenye mistari, Clotilda asimdanganye kwamba ni wa kuuza. Wabusu mapacha. Mwalimu Anatory anakusalimu. Nilipompitia leo alimpa mtoto kalamu yake ya wino, akafunga mlango haraka. Watu wote wa kilima hiki wangekusalimu kama wangethubutu kuja.

Mungu awafunike kwa mkono wake wewe na nyumba yako, na Mama Maria asimame barabarani kesho mpaka lori lipite. Mimi niombeeni hasa Jumapili, saa ya kutoka kanisani.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekubeba mgongoni ulipokuwa mzito kuliko sasa,

Adventina

Nimesahau. Kabla ya kukunja barua nimemjaribu. Nimemkalisha kwenye kigoda, mimi nikakaa chini, nikamwambia, “Kemi, gamba.” Akasema, “Mama, wakija Jumapili usiku, usilale ndani.” Kumbe aliijua hatari tangu siku ile ya kanisani. Alikuwa anangoja aulizwe.