Mimi ni Haka, Kasema Krupa

Jumatatu, 6 Julai 1998
Nimefungua! Mimi, Noela! Bosi kaenda Mwanza, kaacha kadi za harusi kwenye kompyuta ya duka letu la uchapaji, kazifunga kwa neno la siri. Bwana harusi kakaa kwenye benchi karibu alie. Nikajaribu jina la bosi — wapi. Jina la duka — wapi. Halafu nikajiuliza: hivi Shinyanga nzima nani anamwita Rohit? Sote tunamwita Baba Krupa. Nikaandika krupa. Kadi hizo hapo! Bwana harusi kanishika mikono yote miwili: wabeja, dada, asante, wabeja! Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatano, 8 Julai
Baba Krupa karudi, kanuna. Kufungua kisicho chako ni wizi, anasema. Binti yake Krupa, yuko likizo toka chuo Nairobi, kanitetea. Eti huko watu wa namna yangu wana majina mawili. Haka anataka kujua mashine inavyofanya kazi: anachokonoa, anatengeneza, haharibu cha mtu. Kraka anavunja ili achukue. Noela ni haka, baba! Mzee kaguna, kisha kaniuliza kwa sauti ya chini namna ya kubadilisha neno lake. Ha! Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi — na kiangazi hiki madimbwi yako wapi?

Ijumaa, 10 Julai
Mwalimu Selestine kaja kuchapa mtihani wa hesabu wa majaribio, kidato cha nne. Vidole viwili, saa nne nzima. Mimi kanitoa nje, nikae barazani. Mdogo wako yumo, anasema. Kweli, Paskalina yumo, na akifeli hesabu tena baba kasema basi shule. Mwalimu kafunga faili kwa neno la siri, kajipiga kifua: hapa hafungui mtu! Jumatatu atakuja kutoa nakala.

Jumamosi, 11 Julai
Niko peke yangu dukani. Sitaki kitu. Nataka kujua tu kama Mwalimu naye kafanya yale yale ya bosi. Mji mzima tunamwita Baba Ghati. Herufi tano.

Limefunguka!! Nimepiga kigelegele peke yangu kama kichaa.

Funga sasa, Noela. Umeshajua. Funga.

Swali la kwanza lina pembetatu. Nimejifunika macho — vidole vimeachana kidogo. Paskalina huyo kaingia, kaniletea michembe ya viazi vikavu, daftari la hesabu kwapani. Anauliza mbona nacheka, mbona skrini nimeigeuzia ukutani. Nimemwambia avute kiti, tupitie pembetatu.