Wifi Yangu Hatoki Kuona Wageni

Chuoni, 14 Januari

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Natumai magoti yamekupa nafuu na unafika kanisani bila kushikwa mkono. Mimi mwili hauna neno. Muhula umeanza, na darasa langu la baiolojia limejaa hadi wengine wanakaa juu ya meza za maabara. Nakataza kila mwaka, na kila mwaka wanakaa.

Nakuandikia kwa sababu ya wifi yangu. Unakumbuka mwanao alikubali aje kusomea ualimu kwa kuwa mimi ndiye mwalimu hapa. Alisema mkewe atakuwa mkononi mwa dada. Basi amerudi kutoka likizo mkono wa kushoto umefungwa plasta. Anasema aliteleza kwenye ngazi. Mama, nyumba yao haina ngazi. Nilimwomba picha ya eksirei aliyopigwa hospitali nikaiegemeza kwenye kioo cha dirisha la maabara. Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita wa kufundisha mifupa. Mfupa wa mtu aliyeanguka naujua, na wa mtu aliyesokotwa mkono naujua pia.

Hapa kwetu Jumapili ya kwanza ya mwezi ndiyo siku ya wageni. Bibi Sista wa mlangoni anaita majina kwa sauti ya kuamsha wafu, na wanawake wazima wanakimbia ukumbini kama watoto wa chekechea. Wifi amekuja ofisini kwangu kuniomba nikate jina lake. "Sista, mimi sitoki kuona wageni," akasema. Hakuniita wifi. Alinitazama kama mtu anayepima kama nitamwuza.

Nimeogopa, Mama, na sikuona mwingine wa kumwambia. Zungumza na mwanao, wewe anakusikiliza. Na Mshonaji anayekusomea hii barua, namwomba iishie hapo hapo.

Binti yako,
Kijiti

*

Nyumbani, 24 Januari

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Barua imefika na nimesomewa mara mbili, mara ya pili polepole, maana Mshonaji akisoma anakimbia utadhani yuko kwenye cherehani. Magoti ni yale yale, nayapaka dawa na yananidharau.

Sasa hilo la mdogo wako. Huyo ni kitindamimba wangu, nimemlea mgongoni hadi mgongo ukapinda. Huyo akiona kuku anachinjwa anaondoka. Wewe umeishi na masista tangu una miaka kumi na tisa, ndoa unaijua kwenye katekisimu. Watu wawili wakikaa nyumba moja wanagongana. Mimi na marehemu baba yako tuligongana, na sikuandikiwa barua na mtu. Kama mkono ulivunjika, ulivunjika. Usimfundishe mke wa mwenzio kumkimbia mumewe, halafu uje uniachie mimi aibu ya kujibu kwa majirani.

Alipita hapa juzi na lori lake la mbao. Hakula. Aliuliza tu kama unaniandikia. Nikamwambia ndiyo, unaniandikia.

Nimeweka dole gumba langu hapo chini kama kawaida, ujue maneno ni yangu.

Mama yako

Sista, hapa ni mimi Mshonaji, mama yako ameingia jikoni. Wifi yako alikuja Desemba nimpime gauni. Nilipozungusha tepu mbavuni alishtuka na kushika ukuta. Sikuuliza. Nimejilaumu kwa kutouliza. Nasafiri kesho kutwa kwa binti yangu, anajifungua. Sijui nani atamsomea mama nikiwa sipo.

*

Chuoni, 5 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, lakini naandika kwa haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko huu, hata anayekusomea nimwombe radhi.

Mwanao alikuja Jumapili. Alivaa shati jeupe, akatuletea sukari ya jikoni. Masista wote walimpenda. Alimbebea Bibi Sista kiti chake akamweka kivulini, akamwuliza habari za macho yake. Mama Mkuu mwenyewe akamnywesha chai. Nilikaa naye ukumbini katikati ya mama za watu na vikapu vyao, na alizungumza taratibu, hata hakukunja uso.

"Dada, niitie mke wangu."

Nikasema anaumwa, ana homa. Mama, nimevaa shela hii miaka ishirini na mbili na ule ndio uongo wangu wa kwanza ninaoukumbuka. Alitabasamu. Akasema, "Mimi na wewe tumelala kitanda kimoja, Kijiti. Ukidanganya unavuta sikio." Mkono wangu ulikuwa sikioni.

Alipoinuka alinishika bega, kwa upole kabisa, akasema atamwona tu, leo au siku nyingine, yeye hana haraka. Nimesimama mbele ya mainspekta, nimesimama mbele ya askofu. Siku ile sikuinuka kitini hadi niliposikia lori lake likitoka getini.

Wifi alikuwa stoo ya maabara, kajikunja nyuma ya kabati la darubini. Alipoona nimerudi peke yangu ndipo akanieleza, kuanzia mwaka wa kwanza wa ndoa. Sitakuandikia yote. Mara ya mwisho mumewe alimwambia kwamba akikimbia tena atamfuata hadi alipo, na hatamrudisha akiwa na miguu ya kukimbilia.

Nimekwenda kwa Mama Mkuu. Anasema chuo si mahali pa kutenganisha alichounganisha Mungu. Lakini naye alikuwa ameiona ile picha ya mkono. Mwisho akasema: kufikia Jumamosi awe mahali pengine, na yeye hataki kujua ni wapi. Nimeshapata mahali. Sitapataja hapa.

Nakuomba tu useme kwamba unanisadiki. Hilo tu.

Kijiti wako

*

Nyumbani, 16 Februari

Mwanangu mpendwa Kijiti,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Hali yangu si mbaya. Mshonaji amesafiri, kwa hiyo usishangae kuona barua imepigwa chapa. Nimejikongoja hadi kwa yule mpiga chapa wa nje ya posta na nimemwapisha asitoe neno.

Nimesomewa barua yako nikalia mbele za watu. Mwanangu, nisamehe. Ulinieleza ukweli nami sikukusadiki. Mimi ni mama mbaya. Nilimpenda mwanangu hadi nikafumba macho. Sasa nayaona yote.

Nataka kumsaidia mkwe wangu. Niambie yuko wapi, nimpelekee nguo zake na nimpigie magoti, haya haya mabovu. Mdogo wako hatajua. Niandikie upesi, maana sina raha.

Dole gumba langu liko hapo chini.

Mama yako anayekupenda

*

Chuoni, 20 Februari

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo mara mia. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido, kengele imelia, wanafunzi wananisubiri, na nimeingia darasani na macho mekundu nikasingizia dawa za maabara. Tangu nizaliwe hujawahi kuniomba msamaha. Sikujua nilikuwa nalisubiri neno hilo hadi nilipoliona. Nimekusamehe kabla hujamaliza kusema.

Wifi yuko kwa masista wetu wanaooka hostia za komunyo, mji ule wenye kiwanda cha saruji, nyumba ya pili nyuma ya kanisa, geti la kijani. Amevaa kitambaa na aproni kama wasichana wanaoanza utawa, na wanamwita Dada wa Unga kwa kuwa kazi yake ni kuchunga unga. Anayeshika mlango kule nilisoma naye unovisi, kabla ya kuweka nadhiri, tulikaa dawati moja. Nimemwambia asimfungulie mtu yeyote asiyetoka kwangu.

Wiki iliyopita alinitumia salamu. Anasema amelala usiku tatu mfululizo bila kuamka. Ukienda, Mama, bisha hodi kwa jina langu. Usimshike mkono wa kushoto, bado unauma.

Binti yako mwenye furaha leo,
Kijiti

*

Nyumbani, 1 Machi

Mwanangu Kijiti,

Je, kuna nini huko, umenisusa? Tangu ile ya Januari sijaona barua yako hata moja. Nilijua nimekuudhi na ule ubishi wangu, lakini mwezi mzima, mwanangu? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mshonaji amerudi jana, ana mjukuu wa kiume mwenye kichwa kikubwa, na ndiye anayeandika.

Mdogo wako amekuwa akinichukulia barua posta, kwa ajili ya magoti yangu. Kila nikimwuliza anasema hakuna kitu, Mama, dada ana shughuli.

Alipita hapa Jumanne asubuhi, kanyoa vizuri, anapiga mluzi. Akasema anakwenda kumchukua mkewe. Nikamwambia mwache amalize masomo. Akacheka, akasema hayuko hata huko chuoni. Tangu siku hiyo sijawaona. Mshonaji alipita kwao, anasema mapazia yamefungwa mchana kutwa.

Kijiti, Mshonaji ameniambia habari za mbavu. Sikutaka kumsikiliza, lakini nimemsikiliza. Niandikie kwa anwani yake, si ya kwangu.

Dole langu hili hapa.

Mama yako

*

Kituo cha polisi, 5 Machi, saa nne asubuhi

Mama,

Shikamoo. Sina muda wa kukuuliza hali, na yangu usiiulize.

Nimeandika barua mbili baada ya ile ya Januari. Hukupata hata moja. Na mimi nimepata barua ya chapa iliyosema ni yako. Leo, ilipofika hii ya kweli, nimeziweka sambamba chini ya darubini. Dole lako ni dogo, lina kovu la kisu katikati. Lile lingine ni pana, halina kovu, ni la mwanamume. Kila muhula nawafundisha wanafunzi kwamba mistari ya vidole vya mtu hailingani na ya mwingine, tena huwa nawapaka wino na tunacheka. Barua ile imekaa kwenye kitabu changu cha sala karibu wiki mbili na sikuitazama mara ya pili, kwa kuwa iliniambia nilichotaka kuambiwa.

Nimepiga simu kwa masista wa hostia. Mwenzangu wa mlangoni alishangaa kwamba nauliza. Alisema, "Si ulimtuma mwenyewe?" Mwanao alifika pale Jumanne mchana akatoa barua yangu ya tarehe ishirini, akaikunja ionekane nusu tu, penye geti la kijani na Dada wa Unga na jina langu chini. Mwenzangu anaujua mwandiko wangu tangu unovisi. Akamfungulia, akamkaribisha maji.

Wifi alitoka na unga mikononi. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliuliza jambo moja tu: "Ni kweli Sista ameandika?" Mwenzangu akamwonyesha mwandiko. Basi akavua aproni, akaikunja, akaenda.

Mama, ameondoka akijua nimemwuza.

Dereva wa chuo anakuja huko sasa hivi kuchukua madawati, naye atampa Mshonaji barua hii mkononi. Ningepanda naye. Lakini polisi wa hapa wanataka maelezo yangu kwa maandishi na ile picha ya mkono kabla ya kuwaamuru wenzao wa huko, na nisipokaa hapa kituoni juu ya kichwa cha sajenti wao, kazi itaanza wiki ijayo. Mama Mkuu naye amenifuata hapa, amekaa kwenye benchi pembeni yangu. Hakuna aliyemwita.

Nenda kwa mwanao. Najua ninachokuomba. Wewe peke yako hawezi kukufungia mlango. Nenda ukae humo ndani, usitoke hadi nifike.

Kijiti

*

Kwa mdogo wako, 6 Machi

Mwanangu,

Tuko wazima hadi saa hii. Mshonaji anaandika kwenye paja, tepu shingoni, tumesema amekuja kupima mapazia. Ninanong'ona, na yeye akikosea msamehe. Dereva wako anangoja barabarani.

Nilifika jana mchana. Alifungua akidhani ni muuza maji. Nikapita chini ya mkono wake kabla hajajua la kusema, nikakaa kwenye kiti mbele ya mlango wa chumba chao, nikasema magoti yamenikataa, sinyanyuki. Nimelala hapo hapo kitini.

Wifi yako yuko hai. Upande mmoja wa uso sikuutambua. Nimemlisha uji kwa kijiko. Aliniuliza kama ni kweli uliandika. Nikamwambia uliandika, lakini uliniandikia mimi, na mimi sikuwahi kuiona. Sijui kama amenisadiki. Aligeukia ukutani, kisha baadaye akanishika kidole.

Mdogo wako hajafoka hata mara moja. Ananiita mama kila baada ya neno. Asubuhi ameniuliza, "Mama, utakaa siku ngapi?" Nikasema hadi nipone. Akasema, "Basi tutaona nani atachoka." Hakwenda kazini. Sasa amekaa uani juu ya ndoo iliyogeuzwa, lori haliguswi, anatutazama kupitia dirishani.

Nilikwambia huyu akiona kuku anachinjwa anaondoka. Kijiti, tangu alfajiri nimebanwa na haja, na choo kiko hapo nje, hatua kumi. Mimi niliyemzaa naogopa kwenda, nisije nikamwacha wifi yako na Mshonaji peke yao humu ndani.

Njoo.

Mama yako