Wufa Mbili za Wafula

Kitengela, Jumamosi. Julai 2008.

Jua halijatoka leo. Baridi imetukalia tangu asubuhi, na upepo wa kutoka upande wa mbuga unapiga mabati kama unatafuta pa kuingilia. Niko saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nimevaa ovaroli ya marehemu kaka yangu, vidole vinanuka grisi. Kijana wa hapa ameniangalia mikono, akanipa kibodi iliyozeeka kuliko zote. Simlaumu.

Nianzie Alhamisi.

Alhamisi nilitumwa Kajiado mjini na ofisi, nikaenda na gari la Wafula. Wafula ndiye kaka yangu mkubwa. Alifariki mwaka juzi kwa homa ya uti wa mgongo, ghafla sana. Wiki ilianza akilalamika kichwa, ikaisha tukiwa mochari. Gari likabaki. Baba hakutaka liuzwe na Mama hakutaka kuliona, basi likawa langu bila mtu kusema kwamba ni langu. Kwenye buti kuna wufa zake mbili, zile spika kubwa za besi, pamoja na amplifaya ya kuzipa nguvu. Alizifunga mwenyewe. Tangu siku hiyo hazikuwahi kupiga besi ya maana, zilikuwa zinakohoa tu.

Nilipopita Isinya niliingia shimo la barabara kwa nguvu. Kitu kikagonga huko nyuma. Halafu besi ikaja.

Ilikuja nzito, yote kwa pamoja, nyuma ya kiti changu, kama mtu ameingia na kuketi. Niliisikia kwa mgongo kabla ya masikio. Niliegesha pembeni nikazima redio na, sitadanganya, niliita jina lake.

Nilipopata nguvu za kufungua buti, nikakuta waya wa wufa moja umechomoka. Moja imekufa kabisa, na iliyobaki peke yake inapiga kuliko zilivyowahi kupiga zote mbili. Nilisimama pale barabarani malori yakinipita, nimeogopa na sijui ninaogopa nini.

Jana nilikuja hapa saiba kusoma. Kumbe jambo lenyewe linajulikana. Spika ya besi husukuma hewa. Ukigeuza nyaya za moja, hiyo inavuta ndani wakati mwenzake anasukuma nje. Zinanyang'anyana hewa ile ile, na wewe uliyekaa katikati unaambulia kikohozi. Spika zenyewe ni nzima, aliyekosea ni aliyefunga.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, kwa sababu ya Lemayian.

Lemayian ndiye aliyemuuzia Wafula zile wufa. Walisoma darasa moja hapa Kitengela, na kwetu alikula mpaka Mama akaacha kumhesabu kama mgeni. Baadaye alirudi kwao Kimuka akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Siku ya kuuza alimwambia Wafula aache gari, amfungie vizuri. Wafula akakataa. Wafula hakuwa mtu wa kufunguliwa hata soda. Alizifunga hapa nje ya nyumba, na zilipokataa kupiga hakujiuliza chochote. Aliendesha hadi Kimuka, akamwita rafiki yake mwizi mbele ya wateja. Nilikuwa kiti cha mbele. Lemayian alinyoosha mkono afungue buti, Wafula akamwambia asiguse gari lake. Tukaondoka. Hawakuongea tena, na miezi michache baadaye hakukuwa na wa kuongea naye.

Wakati wa matanga Lemayian alikuja amebeba kibuyu cha maziwa kutoka kwao. Mama alimkuta getini. Alimwambia kwamba mwanawe amelala mochari akiwa ameibiwa, na kwamba maziwa hayo ayarudishe alikoyatoa. Lemayian aliinamisha kichwa, akarudi nayo.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu mtu akiletewa nyanya zilizooza tunasema ameuziwa na Lemayian. Hata mimi nimesema. Tumecheka.

Leo asubuhi nilivaa ovaroli, nikatoa spana.

Kila mahali niliposoma walisema jambo moja kwanza: kabla ya kugusa amplifaya, chomoa waya wa betri. Nilifungua boneti nikakwama hapo hapo. Ukichomoa betri, redio inasahau. Stesheni alizochagua Wafula zinafutika, na saa pia. Saa hiyo aliiweka mbele makusudi ili asichelewe kazini, Lemayian akimtania kwayo, na miaka yote hii imeendelea kwenda mbele ya saa zetu zote. Mara ngapi nimeingia kwenye gari asubuhi, nikaiona, nikahisi kwamba bado kuna mtu mmoja nyumbani anayeharakisha.

Nikalegeza nati. Nikachomoa.

Kwenye buti nilikuta kazi yake kama alivyoiacha. Nyaya alizungushia tepu nyeusi, na tepu alikuwa anaikata kwa meno. Alama za meno zipo bado. Nilizigusa kwa kidole, nikakaa chini kwenye sementi hadi baridi ikaniamsha.

Nilichukua betri ya tochi. Unachomoa nyaya za wufa kwenye amplifaya, unagusisha betri kwa zote mbili kwa mpangilio mmoja, halafu unaangalia kikombe cha spika, ile karatasi yake ya mbele inayocheza. Wufa ya kwanza ikaruka nje kidogo. Ya pili ikarudi ndani. Nilirudia, nikaomba iwe mkono wangu umekosea, haikuwa. Alitumia waya mweupe bapa, ule ambao pande zote mbili zinafanana isipokuwa kimstari kimoja chembamba. Kwenye wufa moja alikifuata. Kwenye nyingine hakukiona, labda kwa haraka yake.

Basi nikageuza. Nilichofanya ni kubadilishana nyaya mbili tu, kazi fupi kuliko kumenya kiazi.

Mengine nikayafanya polepole. Waya mweusi wa amplifaya, ule unaopaswa kushika chuma cha gari, alikuwa ameufunga juu ya rangi, nikaparua mpaka chuma kikang'aa ndipo nikaukaza. Karibu na betri nikaweka fyuzi, kwa maana hakuweka, na nikashangaa kwamba gari halikuwahi kuungua. Ile skrubu ya kupandisha nguvu ya amplifaya ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Ni hapo nilipolia. Masikini, alikuwa anaongeza na kuongeza, akitafuta kitu ambacho mikono yake mwenyewe imekifuta. Niliirudisha chini kabisa, nikarudisha waya wa betri, nikawasha redio hadi robo tatu ya sauti, nikaipandisha kidogo kidogo mpaka besi ilipoanza kukwaruza, nikarudi nyuma kidogo. Hapo ndipo mahali pake.

CD ya Wafula ya rumba bado imo. Nikaiacha icheze.

Sijui nieleze vipi. Dirisha la jikoni lilitetemeka, na mimi nilikuwa nimefunga macho. Nilijua kabisa kwamba nikigeuka sitamwona, kwa hiyo sikugeuka. Hii ndiyo sauti aliyoilipia, akaipigania, akapoteza rafiki kwa ajili yake, na hakuisikia hata siku moja.

Mama alitoka na mwiko mkononi. Alifikiri ni jirani.

"Ni zile wufa za Lemayian," nikamwambia. "Zilikuwa nzima. Wafula alikosea waya."

Alikuja akaweka kiganja juu ya buti la gari ambalo hajaligusa tangu mazishi, akakiacha hapo hadi wimbo ukaisha.

"Hata maziwa yake nilirudisha," akasema.

Nambari ya Lemayian ilikuwa bado kwenye simu kuukuu ya Wafula. Nilipiga nikiweka sauti ya juu ili Mama asikie. Aliitikia kwa "Supa" yake ile ile ya zamani, salamu ya Kimaasai, nami nikajitaja. Nikamweleza yote: waya, betri ya tochi, kila kitu. Nilidhani atashangaa au atanikasirikia. Nilikuwa tayari kwa matusi.

"Nilijua ni waya," akasema. "Gari ilipoingia tu, kabla hajaizima, nilisikia. Lakini aliniita mwizi, Nekesa. Nikasema wacha aende, atarudi mwenyewe. Nilingoja sana arudi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya matanga.

"Nilikuwa nimekuja kusema. Nikaona vile Mama analia. Sasa ningemwambia kijana wake ndiye alikosea, na bado hajazikwa? Nikaona ni heri nibaki mwizi."

Miaka miwili. Sisi tunacheka juu ya nyanya, yeye anajua, amenyamaza huko Kimuka.

Mama alininyang'anya simu. Sauti yake haikutetemeka, ilikuwa ile ya kutuita tuje kula.

"Lemayian, ni mama. Kesho tunakuja. Usitununulie soda. Tutakunywa maziwa."

Kesho ni Jumapili, na Mama hajawahi kukosa kanisa isipokuwa akiwa mgonjwa. Ameshatoa leso yake nzuri. Anasema atakaa mbele, na tukifika atashuka yeye kwanza, mimi ningoje ndani ya gari. Sijui atamwambia nini. Sidhani hata yeye anajua.

Gari liko hapa nje ya saiba. Niliporudisha betri, saa ya redio ilianza upya kama mtoto mchanga, inawakawaka tu. Nimeiweka sawa na ya simu, nikaitazama, nikashindwa kuiacha hivyo. Nimeisogeza mbele. Lakini sikumbuki yake ilikuwa mbele kwa dakika ngapi, mimi niliyekuwa nikiitazama kila asubuhi. Kesho nitamuuliza Lemayian. Pengine yeye anakumbuka.